Kwa Nini Moyo Hutwanga Peke Yake

Kabla kifua cha binadamu hakijapata pengo, ndani yake ilikaa mioyo miwili, tena wanawake. Usiniulize nani aliwaona. Kifua kina mbavu, mbavu zina mianya, na wapita njia hawakosi kuchungulia.

Walikuwa pacha. Aliyetangulia kuzaliwa aliitwa Mosi, akakaa upande wa kulia. Aliyemfuata aliitwa Pili, akakaa kushoto. Katikati yao palikuwa na kinu kimoja, na kila mmoja alikuwa na mchi wake. Walitwanga kwa kupokezana, kama watwangavyo wanawake wanaopatana: huyu akiinua, yule anashusha. Unga wao ndio uliolisha mji mzima wa Mwili, Miguu na Mikono, Macho na Ubongo, na hata Tumbo, ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema ahsante. Mmoja akichoka, mwenziwe alimshikia zamu, naye akajinyoosha mkekani. Ndiyo maana watu wa siku hizo walikuwa hawahemi. Mtu alipanda mlima huku akisengenya, kutoka bondeni mpaka kileleni, bila kukatiza maneno.

Sasa, mtwangaji naye hula. Nyuma ya pacha hao palikuwa na kihenge kidogo cha mtama mtamu, akiba yao wenyewe. Siku za kawaida walikula chochote kilichopita mbele yao. Siku ya mbio na hatari, walikula cha kihenge. Na kihenge kilikuwa na walinzi wawili. Bi Limbiko alikaa juu, kazi yake kujaza. Bi Mchota alikaa chini penye kimlango, kazi yake kutoa.

Hao wawili walikuwa hawasemezani. Wengine husema ni mambo ya mume. Mimi niliyoyasikia, na niliyasikia kwa mtu asiyesema uongo isipokuwa akibanwa, ni kwamba katika harusi moja Bi Limbiko alipakuliwa sahani yenye nyama na Bi Mchota akapakuliwa mifupa, na aliyepakua alikuwa Bi Limbiko mwenyewe. Watu wameuana kwa machache kuliko hayo.

Basi ikawa hivi. Bi Limbiko akimimina kikapu juu, Bi Mchota anafungua kimlango chini na kukichota kilekile. Huyu anajaza, yule anamwaga, kutwa kucha, jasho likiwatoka. Na kwa kuwa mfanyakazi lazima apate chochote cha kutia kinywani, wote wawili walikula humohumo. Mtu aliyewatazama kwa mbali angesema, lo, wanawake hodari hawa! Lakini kihenge kilikuwa kitupu kama ngoma.

Ng'ambo ya Tumbo aliishi bibi mmoja, Kongosho, aliyejua kila sahani iliyoingia mjini. Kila chakula kilipofika, alimtuma mjumbe kwa walinzi: wakati huu ni wa kuweka, Bi Limbiko afanye kazi na Bi Mchota akae. Bi Mchota alimpokea mjumbe mlangoni, akamtazama kuanzia kisiginoni.

"Mwambie bibi yako apike, aache kunusa masufuria ya watu," alisema. "Mimi niliwekwa hapa nichote, nami nachota."

Pili aliyaona hayo yote na yakamkera. Alimwambia nduguye, "Dada, hawa watatuua." Mosi alikuwa mpole, na upole nao ukizidi ni ugonjwa. Alijibu, "Waache, mdogo wangu. Watapatana wenyewe."

Hawakupatana.

Asubuhi moja Miguu ilikuwa imeshuka mtoni, na Macho yakamwona chui. Alikuwa ameinama kwenye matete, karibu kiasi cha kuonekana masharubu. Sasa, mjini humo kulikuwa na wazee wawili, Mafigo, na kila mmoja alivaa kofia ambayo hakuivua hata akilala. Ndani ya kofia hizo alikaa tarishi wa hatari. Alitoka mbio, hakubisha hodi, akafika kihengeni akipiga kelele: "Toeni! Toeni yote! Chui!"

Miguu ilikuwa imeshaanza kukimbia, na ilidai unga. Mikono ilidai. Pacha wakazidisha mapigo, michi ikawa haionekani. Bi Mchota aliingiza mkono kihengeni akakuta vumbi na konzi moja tu ya mtama. Alipoitoa, Bi Limbiko alimdaka kifundo cha mkono kutoka juu.

"Rudisha! Nimeuweka mimi huo!"

"Huna masikio? Chui huyo!"

"Chui wako wewe na ukoo wako! Rudisha!"

Wakavutana. Mtama ukamwagika nusu. Nusu iliyobaki Mosi aliipokea kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiendelea kutwanga. Hakuitia kinywani. Aliisukuma mdomoni mwa nduguye.

"Kula wewe. Mimi nitakula baadaye."

Pili akala. Jambo hilo hulikumbuka kila siku mpaka leo, kwamba hakukataa.

Miguu ilivuka mto. Chui alibaki ng'ambo ile, akilamba pua. Mji mzima ukashangilia, Mdomo ukacheka, Mikono ikapiga makofi. Hapo ndipo Masikio yaliposema, nyamazeni kidogo, mbona twasikia mchi mmoja?

Mosi alikuwa amelala kifudifudi ubavuni mwa kinu, na mchi wake umemlalia mgongoni.

Kilichofuata ni kigumu, nami nitakisema upesi. Pili hakuweza kumfumba macho dada yake. Hakuweza kumwosha, wala kumvisha sanda, kwa sababu angeuweka mchi chini mji mzima ungekufa. Alilia huku anatwanga. Zamu ya mwenziwe ilipofika na hakuna aliyeishika, aliishika yeye. Jirani wa kulia, Pafu, ndiye aliyeingia, akamfunika marehemu, akamtoa, kisha akajitanua pale palipobaki wazi ili upepo usivume katika pengo lile.

Walinzi walikuja na vilio vikubwa, kila mmoja akitaka kuonekana analia zaidi. Pili hakugeuza uso. Aliomba kaniki ya Mosi ichanwe vipande, akampa tarishi wa Mafigo, akasema: "Ukija na habari ya hatari, usiseme nao. Wafunge kitambaa hiki mkononi, wote wawili. Akifungwa Mchota, ainuke achote. Akifungwa Limbiko, aketi na mikono yake mapajani." Akamgeukia mjumbe wa Kongosho: "Nawe ukija na habari ya shibe, wafungue. Akifunguliwa Limbiko, ajaze. Akifunguliwa Mchota, aketi. Na yeyote atakayeinuka wakati wa mwenziwe, nitauweka mchi huu chini, tufe sote tupumzike."

Walinzi wakarudi kihengeni, huyu juu, yule chini.

Na tangu siku hiyo moyo umekuwa mmoja, nao umeegemea kushoto, na pafu la kulia ni kubwa kuliko mwenzake. Ukitega sikio kifuani mwa mtu utasikia mapigo mawili mawili, la Pili na la zamu ya marehemu. Tangu siku hiyo, ukishtuka, moyo hukurupuka kabla hujajua unaogopa nini, kwa kuwa tarishi hamsubiri mtu yeyote atafakari. Ukishiba, walinzi hufunguliwa, na mtama hurudi kihengeni taratibu. Na siku za njaa, viungo vingine vinapokomba akiba zao mpaka chini, Pili hujilisha mafuta ya mwilini na kihenge chake hukiongeza. Wapo wamwitao mchoyo. Hao hawajafiwa na mtu kwa konzi ya mtama.

Jambo moja tu hajalipata mpaka leo, nalo ni matanga ya dada yake. Kila mfiwa hupewa siku za kukaa chini, watu wakamshika mkono, akalia. Yeye bado amesimama. Siku atakapouweka mchi chini aketi kumlilia Mosi, sisi ndio tutakaoliliwa.