Miwani ya Wageni

Nimetumiwa kisa hiki asubuhi, nikakisoma nikiwa nimesimama, na hasira haijanitoka mpaka sasa. Kisome, kisha umpelekee yule mwenye ufunguo wa kabati pale kazini kwenu. Utaelewa huko mbele ni ufunguo gani.

Palikuwa na mzee mmoja aliyeitwa Mzee Mfaume, mwenye kiwanda kidogo cha sabuni. Hakuwa mtu mbaya. Alitaniana na wafanyakazi wake, akala nao wali wa mchana, na wakifiwa alikuwa wa kwanza kufika msibani. Lakini ubishi! Kubishana naye ilikuwa kujitafutia maumivu ya kichwa.

Kazi ya hatari pale kiwandani ilikuwa ya mwanamke aitwaye Sikudhani. Yeye ndiye aliyekuwa akimimina kostiki soda kwenye pipa la maji na kukoroga. Wanaoijua kostiki wanajua: ikikutana na maji huchemka bila moto, na tone moja likikupata linachoma ngozi mpaka ndani. Sikudhani alijikinga kwa mtandio aliojifunga puani. Basi, hana kingine.

Siku moja mkaguzi alifika, akaona, akashika kichwa.

"Mzee," akasema, "nikirudi nikamkuta huyu dada hana glavu wala miwani ya kukinga macho, nafunga kiwanda."

Mzee Mfaume akaenda mjini siku hiyohiyo, akanunua vitu vya maana: glavu ndefu za mpira, aproni nzito, barakoa, na miwani ile inayofunika macho pande zote. Wafanyakazi wakapiga vigelegele. Kisha mzee akavipanga vyote kwenye kabati la vioo ofisini, pembeni ya vikombe vya maua na chupa ya chai, akalifunga, ufunguo akautia mfukoni.

"Mzee, mbona unavifungia?" Sikudhani akauliza.

"Hivyo ni vya wageni, binti yangu."

"Kwani wageni ndio wanaokoroga kostiki?"

"Wakija wageni utavaa. Ukivivaa kila siku vitachakaa, halafu mkaguzi akija akute matambara? Unataka kunitia aibu?"

Jamani! Sahani za wageni nazielewa. Hata kwa mama yangu zipo, tunaziangalia tu kwenye kabati mpaka Idi. Lakini macho ya mtu nayo yasubiri mgeni?

Ikawa ndiyo hivyo. Gari la mkaguzi likionekana barabarani, mzee anapaza sauti, "Wageni!" na kabati linafunguliwa. Sikudhani anavaa mbiombio, anapigwa picha akikoroga, mkaguzi anaridhika, anakunywa chai, anaaga. Gari likipinda kona, miwani inarudi kabatini. Na wafanyakazi wote wanacheka, eti mzee wetu mjanja. Hata Sikudhani alicheka. Hapo ndipo ninapochoka kabisa.

Siku ya siku, mzee alikwenda harusini Korogwe, ufunguo mfukoni. Kostiki iliyoletwa asubuhi hiyo ilikuwa imeingia unyevu na kugandana mabonge, na bonge likitumbukia majini hurusha matone. Sikudhani akaiona hatari, akampigia simu.

"Shikamoo, Mzee. Kostiki ya leo imegandana, itaruka. Naomba tufungue kabati."

"Marahaba. Lakini ufunguo ninao mimi huku, mwanangu."

"Basi tuvunje kioo?"

"Kioo kile? Thubutu! Koroga kama siku zote, uwe mwangalifu tu." Ngoma zikazidi huko harusini, simu ikakatika.

Uwe mwangalifu tu! Maneno haya yananichefua. Mtu amekunyima kinga, halafu anakupa ushauri.

Bonge likadondoka, maji ya kostiki yakaruka, yakamwingia Sikudhani jicho la kushoto. Akapiga yowe. Na wenzake wakafanya nini? Pipa la maji safi liko palepale, wao wakatoka mbio dukani kutafuta maziwa! Mpaka mpishi wao, Bi Chausiku, aje amshike kichwa na kuanza kummwagia maji jichoni, akimwagia bila kuacha hadi gari likapatikana, jicho lilikuwa limeshaungua.

Halikuona tena. Kioo cha kabati kilipona.

Mzee Mfaume alilia hospitalini mbele za watu. Alilipia matibabu yote, akahakikisha mgonjwa hakosi chakula. Nasema tena, hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana kisa hiki kinaniudhi.

Miezi ikapita. Sikudhani alikuwa ameacha kazi, na siku moja akapita kiwandani kuwasalimia wenzake. Mzee akasimama, akampangusia kiti kwa mkono wake, akafungua kabati akamtolea kikombe cha maua. Wakanywa chai, wakaulizana habari za nyumbani. Sikudhani alipoinuka kuelekea kwenye mapipa, mzee akashtuka.

"Ngoja, ngoja! Usiingie hivyo, mwanangu, humo mna kostiki." Akarudi kabatini, akamletea miwani, ingali inang'aa. "Vaa hii kwanza."

Sikudhani akaigeuzageuza mikononi.

"Kumbe leo nimekuwa mgeni, Mzee?"



Sikudhani hakuivaa. Aliingia nayo ndani, ambako msichana aliyeajiriwa mahali pake alikuwa ameinama juu ya pipa, anakoroga macho wazi. Akamshika bega, akamvisha ile miwani, akamkazia mkanda nyuma ya kichwa.

"Mtu akikwambia uivue," akamwambia, "mwambie aje kwanza anitazame mimi usoni."

Funzo: Kinga ni ya mwenye kushika sumu, si ya anayekuja kuitazama. Kama kazini kwenu vifaa vimefungiwa kabatini, vitoeni leo hii, na kama ufunguo umekwenda harusini, vunjeni kioo.