Jina Moja Juu ya Kibla

Sogeeni, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza. Hapa Mtondooni walikuwako watu watatu wasiowahi kuonana: Mwana Mtiti aliyejua kuficha, Shomvi aliyejua kungoja, na Nassoro aliyejua kujenga.

Zama za mizinga, maadui walipokuja kuubomoa msikiti, Mwana Mtiti aling'oa mawe ya kibla moja moja akayafukia chini ya sakafu ya nyumba yake. Wakamuuliza yako wapi. Akanyamaza. Wakaichoma nyumba, yeye na wanawe wakiwa ndani.

Miaka mia mbili baadaye lilibaki gofu, na watu wakataka kupanda mihogo. Shomvi, asiye na mke wala mtoto, akaadhini humo kila siku miaka arobaini, asiitikiwe na mtu. Nani angepiga jembe mahali panapoadhiniwa? Walimwita mwehu, maskini ya Mungu, wakamzika bila alama.

Juzi juzi akaja fundi Nassoro. Akayachimbua mawe kwenye nyumba iliyoungua, akasimamisha kuta, akaezeka paa. Siku ya mwisho aliteleza juu ya paa, akaanguka, akafa. Kamwacha mjane, Mwanaidi, bila mtoto.

Kwetu msikiti huitwa kwa jina la mtu mmoja. Huandikwa kwa kidole juu ya kibla, chokaa ikiwa mbichi, na kila Ijumaa huyo huombewa dua. Msiniambie yaandikwe matatu. Desturi ni desturi.

Balaa ni hili: tangu ufunguliwe, kila alasiri watatu husimama safu ya nyuma. Mmoja ananuka moshi, mmoja sauti imemkauka, mmoja ana chokaa nyweleni. Imamu akitoa salamu, hawapo, ila nyayo za maji ya udhu. Watu wameuhama msikiti. Ijumaa iliyopita tulikuwa wanne, na siwafichi, mimi nilitoka mbio. Jina lisipoandikwa, utakuwa gofu tena.

Leo imamu Kombo kapaka chokaa. Mwanaidi akamwambia, "Shekhe, mume wangu hana mtoto wa kumwombea."

"Na hao wawili wana nani, mwanangu?"

Mjane akalia. Chokaa inakauka. Imamu kainua kidole, na nyuma yake anasikia watu watatu wakivuta pumzi.

Haya, nyie mliokaa hapa: mngeandika la nani? Na mkigeuka, wale wawili mngewaambia nini?