Kengele ya Kunde

"Kengele haisomwi tumboni, husomwa kingoni." Mmeisikia kwa mjomba wenu leo, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Imetoka jikoni mwangu, wajukuu zangu. Methali hii ilianza hivi.

Mama yenu, binti yangu Nakiete, alikuwa na mimba ya Mbonea huyu anayenikodolea macho. Mtoto alikuwa amekingama tumboni, na daktari alituonya kwamba uchungu ukianza tusichelewe kufika hospitali ya mjini. Njia zilikuwa mbili, ya bondeni na ya mlimani.

Babu yenu, mwalimu wa hesabu, hakuamini kitu asichokihesabu. Akawauliza madereva, na kwa kila safari akaweka punje ya kunde mezani, juu ya mstari wa saa za safari aliouchora kwa chaki, kila njia na wake. Safari za muda wa kawaida zikarundikana katikati, za upesi na za kuchelewa zikateremka pande zote mbili. Kila njia ikapata umbo la kengele. Ya bondeni ilikuwa ya upesi zaidi, naye akafurahi kama aliyeletewa pilau. Akasema hiyo ni kengele ya Gausi, mtaalamu wa hesabu wa zamani, na kwa kanuni yake kuchelewa sana ni kama hakuwezekani.

Nikamuuliza kunde zile chache za bondeni zilizokaa mbali, karibu na sufuria, ni za nini.

"Hizo zimepotea njia," akasema, mkono tayari kuzifagia.

"Na waliokuwa ndani ya magari hayo, nao walipotea?"

Akarudisha mkono. Nilimpenda sana mume wangu kwa hilo, maana hakuwa mtu wa kubishana na kunde.

"Mama Nakiete," akasema mwishowe, "nimekosea. Gausi ni kengele moja tu kati ya nyingi. Kingo zake hukonda upesi mno, punje ya mbali hivi usingeiona maisha yako yote. Hii ya bondeni tumbo lake, pale katikati, linafanana na la Gausi, lakini kingo zimetambaa mbali. Ya mlimani ni ya polepole, ila kingo zake fupi. Tutapita mlimani."

Uchungu ulianza siku ya mvua. Tukapanda mlima taratibu, Nakiete akiniminya mkono mpaka ukafa ganzi. Gari lililotangulia kupita bondeni lililala kwenye tope hadi kesho yake. Sisi tulifika mchana, daktari akampasua Nakiete papo hapo, kisha akatoka akatuambia kwamba tungefika jioni tungezika wawili.

Sogea hapa, Mbonea, nikushike. Kengele haisomwi tumboni, husomwa kingoni.