Mkono wa Gaudensi

"Hata mkono usiorusha huuma." Jana mlimsikia shangazi yenu akimwambia hivyo mumewe, anayemzuia binti yao kwenda Mbeya kuimba asije akaumizwa na walimwengu, nanyi mkacheka. Haya, cheko limeisha, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Zamani hapa Njombe tulikuwa na timu tatu za besiboli, mchezo ule wa mpira mdogo na kirungu: huyu anarusha, yule anapiga. Kila mwaka shule zikifungwa, vijana walijipanga uwanjani na makocha wakachagua kwa zamu. Mwalimu Mwalongo alichagua wapigaji tu, tena wabichi kabisa. Mrushaji hakumgusa. "Mpigaji utamvuna miaka," alisema. "Mrushaji ni njiti ya kibiriti." Alishinda sana, makocha wenzake wakamwiga.

Watu walidhani ni ujanja. Kumbe Mwalongo alikuwa mrushaji ujanani, na mshipa wa bega lake ulikatika mchana kweupe mbele ya watu. Tangu siku hiyo hata kikombe alikinyanyua kwa mkono wa kushoto.

Sasa mwaka huo alisimama tena kwenye mstari Gaudensi Mgaya, mtoto wa mama muuza viazi. Alikuwa ameachwa mara mbili, na huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho, kwani umri ulikuwa unampita. Aliporusha, Mwalongo alihisi moyo unamtoka. Aliutamani mkono ule jamani, aliutamani kama wake mwenyewe uliorudi. Zamu yake ya mwisho ilipofika, akageuka amtaje mpigaji.

Gaudensi akatoka mstarini.

"Shikamoo, mwalimu. Nimekukosea nini?"

"Marahaba, mwanangu. Hujanikosea, nakuonea huruma. Ukirusha hivyo, ipo siku bega litakatika na utalia."

"Na sasa silii?" Kijana machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta. "Wewe mwalimu umeacha kurusha siku nyingi. Mkono wako umepona?"

Mwalongo alitaka kusema ndiyo. Lakini msimu mzima uliopita alikuwa ameketi pembeni akilisugua bega lile, na kila mpira ulipotua kwenye glavu alitamani ungekuwa umetoka kwake.

"Haujapona," alisema. "Nikisikia mpira tu, unauma."

"Basi hata mkono usiorusha huuma," alisema Gaudensi. "Acha wangu uumie kazini."

Mwalongo akamchukua.

Misimu miwili Gaudensi alirusha, na watu walifunga maduka kwenda kumtazama. Msimu wa tatu bega likakatika, kama alivyoambiwa. Msidhani mzee alikosea, la.

Mwalongo alikwenda kwao, akaketi ukingoni mwa kitanda. Gaudensi ndiye aliyeanza.

"Unauma, mwalimu. Ulisema kweli."

"Ningekuacha mstarini, mwanangu."

"Ungeniacha, mkono ungeuma vilevile, tena nisingejua ninachokililia."

Mwalongo alilia hapo hapo, mtu mzima, mbele ya mama muuza viazi. Mwaka uliofuata zamu yake ya kwanza ilipofika, alimtaja mrushaji. Makocha wenzake walipomuuliza kulikoni, aliwajibu kwa maneno ya Gaudensi, nasi tunayasema mpaka leo: hata mkono usiorusha huuma.