Nyangumi Hunyamaziwa Kama Tembo

Mtu apitaye bondeni wakati wa masika, tope likamvuta mguu, akayumba, akashika kijiti, kisha akasimama tena na ndoo yake kichwani, huyo hakuanguka. Kanga imechafuka, na waliokuwa nyuma yake wamecheka, lakini maji yamefika nyumbani. Wahenga walilimaliza jambo hilo kwa maneno matatu: kuteleza si kuanguka. Ndivyo ilivyokuwa kwa Zuhra, binti wa Kilimarondo, wilaya ya Nachingwea, ambaye aliteleza mahali pasipo na tope wala udongo.

Zuhra alilelewa na bibi yake mzaa mama, Bibi Zaina. Shamba lao lilikuwa ukingoni mwa pori, na kila mahindi yalipoanza kubeba, bibi na mjukuu walihamia kwenye dungu, yaani kile kitanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ili mlinzi aone shamba zima. Huko ndiko Zuhra alikojifunza kutazama.

"Usikodoe macho, mke mwenzangu," Bibi Zaina alikuwa akimwambia, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Macho yatembee kama unafagia uwanja. Polepole, toka kona hadi kona. Ukikodoa, kila jani litakuwa nyani."

Nguruwe au nyani wakionekana, desturi ya kule ilikuwa moja. Aliyeona kwanza hupaza sauti, "Huyooo! Kwenu huyooo!" na kugonga debe, ili mwenye shamba la pili apokee, na wa tatu apokee, mpaka bonde zima liwe macho. Kuona ukanyamaza ilikuwa sawa na kumla jirani.

Zuhra alisoma kwa bidii ya mchwa mpaka akaingia chuo cha uvuvi. Alipokaribia kumaliza, alichukuliwa kwa majaribio katika meli ya watafiti waliokuwa wakihesabu nyangumi na pomboo katika bahari ya kusini. Aliambiwa wazi kwamba meli itakapotia nanga Mtwara, kiongozi ataamua: ama aendelee hadi mwisho wa safari na kupata kazi aliyoiota, ama ashuke arudi kwao.

Mjomba wake Bilali, mkazi wa Mbekenyera, ndiye aliyempeleka kwa bodaboda hadi stendi ya Ruangwa. Alimtania njia nzima.

"Mtu wa Kilimarondo baharini. Wewe hata kisimani unachungulia umeshika mti."

"Siendi kuogelea, mjomba. Nakwenda kuangalia."

"Haya, kaangalie. Ukichoka, mikorosho ipo, nayo haijawahi kumtapisha mtu."

Ndani ya begi la Zuhra mlikuwa na mfuko wa korosho alizozibangua Bibi Zaina kwa mkono wake, zikiwa bado zinanukia moshi.

Meli ilikwenda kwa mistari iliyonyooka, kama mkulima anayepanda ufuta kwa kamba. Watazamaji walikuwa makundi mawili. Kundi moja lilikaa juu kabisa, kwenye paa la chumba cha nahodha. Jingine, ambamo Zuhra alipangwa, lilikaa chini, mbele ya meli. Kiongozi wao, Bi Klementina, mwanamke mpole aliyezeekea baharini, aliwaeleza kanuni kwa utaratibu, kama mtu anayechambua mchele.

"Nyangumi huja juu kupumua, kisha huzama. Wengine hutupita bila kuonekana. Kwa hiyo wa juu watazame peke yao, na wa chini peke yao, na asiwepo wa kumwonyesha mwenzake. Jioni tunalinganisha. Wa juu wakikosa walichoona wa chini, tunajua macho yetu hupoteza kiasi gani. Ukiona, niambie mimi kwenye redio, taratibu. Mimi peke yangu."

Zuhra alielewa. Kichwa kilielewa, lakini koo lilikuwa limelelewa dunguni.

Asubuhi hiyo upepo wa kusi ulikuwa umelala na maji yametulia kama uji uliopoa. Zuhra alikuwa akifagia bahari kwa darubini alipoona mgongo mweusi ukiinuka, mkubwa kuliko nyumba yao, kisha mvuke mweupe ukapanda juu. Moyo ulimruka. Kabla hajajua afanyalo, alikwisha kupaza ile sauti ya kupita mabonde:

"Huyooo! Kwenu huyooo!"

Na kwa kuwa hakuwa na debe, aligonga chuma cha ukingo wa meli kwa kiganja. Juu kule wote waligeuka kama kuku waliosikia mwewe. Mpishi alitoka jikoni na upawa mkononi akiuliza kama kuna aliyeanguka majini. Halfani, kijana wa kundi la juu, alicheka mpaka akakaa chini.

"Dada," alisema kutoka juu, "huyo unamfukuza au unamkaribisha?"

Lakini Bi Klementina hakucheka. Mstari ule wote ulikuwa umeharibika, kwa maana wa juu walikuwa wameonyeshwa. Nahodha aligeuza meli arudie upya, na mafuta na nusu siku vikapotea. Jioni Bi Klementina alimwita Zuhra kando.

"Mwanangu, macho yako ni mazuri. Ila macho yasiyotunza kinywa hayanisaidii. Ikitokea tena, Mtwara utashuka."

Walipolala karibu na Kilwa, simu ilishika mtandao. Kule Kilimarondo Bibi Zaina alikuwa ametoka kusafisha chini ya mikorosho. Alipanda kichuguu kilichoko nyuma ya jiko, ambako simu yake ilikuwa ikisikika vizuri, akapokea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona sauti imelowa? Umetumbukia?"

Zuhra alisimulia yote huku kamasi zikimtoka. Mwisho akasema, "Bora nishuke mwenyewe, bibi, kabla sijashushwa. Nitapiga kelele tena, najijua. Kelele iko mwilini."

 Bibi Zaina akauliza, "Nguruwe akiingia shambani tunafanyaje?"

"Tunapiga kelele."

"Na nyani?"

"Kelele."

"Na tembo?"

Zuhra alifuta pua. Alikumbuka siku ambazo tembo walipita chini ya dungu, naye akiwa mtoto mdogo, bibi akimwekea punje ya korosho shavuni na kumnong'oneza kwamba asiitafune mpaka wa mwisho apite. Tembo hapigiwi kelele mtu akiwa peke yake, maana akishtuka huvunja dungu na walio juu yake.

"Tembo tunamnyamazia," alisema.

"Basi huyo wako, kwa mwili uliouelezea, ni nguruwe au ni tembo?"

Zuhra alicheka katikati ya machozi.

"Korosho si ninazo, bibi."

"Nilikufungia za nini?"

Tangu siku iliyofuata, kila zamu ilipofika Zuhra aliweka punje moja shavuni. Halfani alimwuliza kama anaumwa jino. Hakujibu, maana kujibu kungemlazimu kutafuna. Pomboo walipita wakiruka kama watoto waliotoka shule, koo likamwasha, akaibana korosho kwa ulimi na kumweleza Bi Klementina kwenye redio, neno kwa neno.

Siku ya mwisho kabla ya Mtwara, nyangumi mmoja alijitokeza upande wa kushoto. Alikwenda polepole, akazama, akainuka tena karibu na pale pale. Zuhra alitoa taarifa, lakini hakuondoa macho. Bibi Zaina alikuwa akisema kwamba tembo anayekwenda polepole hayuko peke yake, tazama ubavuni. Akatazama ubavuni. Na hapo, kando ya ule mvuke mkubwa, kukatoka mvuke mdogo, mdogo kama pumzi ya mtoto mchanga asubuhi ya baridi, na kichwa kidogo kikaegemea ubavu wa mama yake.

Wakati huo alitamani kuwaita wote. Si kwa mshtuko tena, bali kwa furaha, maana alilelewa kugawana kila alichokiona. Wenzake juu walikuwa pale pale, na hakujua kama wanamwona yule mtoto. Machozi yalimlenga. Punje ya korosho ilikuwa imelainika kabisa shavuni, naye hakuitafuna.

"Mama na mtoto," alinong'ona kwenye redio. "Mtoto yuko ubavuni, upande wa mbali."

Jioni walipolinganisha, ilibainika kwamba wa juu walimwona mama peke yake. Halfani alishika kichwa.

"Mtoto? Dada Zuhra, ile sauti yako ya Kilimarondo ilikuwa wapi leo?"

"Ilikuwa shavuni," alijibu, na sasa ndipo akatafuna.

Bi Klementina aliyaandika yote daftarini. Asubuhi, bandari ya Mtwara ilipoonekana, alimkuta Zuhra amesimama na begi mgongoni, tayari kwa lolote.

"Begi la nini?"

"Nasubiri uamuzi, mama."

"Lirudishe chumbani. Leo zamu yako inaanza mchana, na safari bado ndefu. Jana ungeita, nisingejua kamwe kwamba watoto wanatupita. Na hizo korosho, kama zimebaki, nigawie."

Zuhra alipiga simu nyumbani. Bibi Zaina alipanda kichuguu chake, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza mtoto wa nyangumi ana ukubwa gani, akauliza kama alionekana anashiba. Kisha, huku simu ikiwa bado sikioni, aligeukia bonde na kupaza sauti kwa nguvu zote za kifua chake kizee:

"Huyooo! Mjukuu wangu huyooo!"

Shamba la pili likapokea. La tatu likapokea. Mwenye shamba la nne alitoka mbio na debe, akidhani nguruwe wamevamia mihogo. Zuhra, akiwa ameegemea ukingo wa meli, alizisikia simuni sauti hizo zikienda mbali, moja baada ya nyingine, kwa watu waliokuwa hata hawajui wanachoshangilia, akajua kwamba bado yuko wima. Hakika, kuteleza si kuanguka.