Ng'onda za Mwanasiti

Hadithi imefika, sogezeni miguu ipite.

Mwanasiti alikuwa akianika ng'onda, samaki waliopasuliwa na kutiwa chumvi, juu ya vichanja vyake vitatu. Mwanawe Rukia, ambaye hajasema neno bado, alikuwa mgongoni. Njaa ikamshika Mwanasiti, akachukua kipande akatafuna. Kivuli kikapita. Bila kuinua macho akasema, "Karibu tule," kama tusemavyo sote, huku tukiomba Mungu mtu ajibu ameshiba.

Huyu hakuwa ameshiba. Lilikuwa zimwi.

"Ahsante, mama," likasema, likakaa. Likala kichanja cha kwanza. Likala cha pili. Likala cha tatu pamoja na miti yake. Kisha likamtazama Rukia.

"Na huyu, umeshamtia chumvi?"

Mwanasiti akakimbilia nyumbani, akatia komeo. Zimwi halivuki kizingiti lisipokaribishwa, na hilo alilijua.

"Hodi," likaita nje. Ulimi ukamwasha kuitikia, akauma kanga.

"Hodi." Akajishindilia mdomoni kile kipande cha ng'onda kilichombakia mkononi, mpaka machozi yakamtoka.

"Hodi wenyewe."

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, na mikono mingine hakuwa nayo. Mgongoni, Rukia, aliyelishwa adabu kabla ya uji, akatoa neno lake la kwanza, kwa sauti nzuri:

"Kaibu."

Komeo likafunguka lenyewe.

Hadithi yangu imekaukia hapo. Msinikodolee macho, hata nyie mngeitikia.