Koo la Manyunyu

Hapo zamani za kale, fisi walipokuwa na vibaraza na vyura walipokuwa na majina, palikuwa na chura dume aitwaye Manyunyu. Bwana Fisi alimfuga ndani ya mtungi ili awaimbie wageni. Akaapa: "Siku utakayonyamaza, ndiyo siku nitakayokula."

Masika yote Manyunyu akaimba. Kroo! Kroo! Koo lake lilikuwa jeusi kama chungu cha mekoni, na vidole gumba vimemtoka vinundu. Dume haswa!

Masika yakaisha. Nyie mnadhani udume ni wa mwaka mzima? Wa chura una msimu wake. Koo likapauka, vinundu vikanywea, sauti ikakauka. Akijaribu kuimba, hutoka "kwi" tu. Akajitazama majini mle mtungini: yeye na marehemu mama yake, hakuna tofauti! Akaogopa sana. Kisha akacheka kimoyomoyo.

Asubuhi, kawa iliyofunika mtungi ikafunuliwa, fwaa!

"Imba!" akanguruma Fisi.

"Niimbe nini, shemeji? Nimemfuata mume wangu Manyunyu. Mmempeleka wapi?"

"Mume? Wewe si Manyunyu?"

"Ala! Mimi na koo la kiume wapi na wapi? Hebu tazama vizuri."

Fisi akatazama, akachanganyikiwa. Akamwita mkewe. Bi. Fisi akaja na kanga yake kiunoni, akamgeuza chura huku na huku.

"Jike huyu, bwana. Yule koo lake jeusi tii. Na gumba hizi laini, hazina hata kinundu. Umeingiaje humu, wewe?"

"Palepale alipotokea mume wangu."

Fisi akalamba midomo. "Vyema. Nyama haina dume wala jike. Nitamla huyuhuyu."

Moyo wa Manyunyu ukapiga du! Lakini macho yakamtua kiunoni kwa Bi. Fisi.

"Nile tu, shemeji, sikukatazi. Ila mwambie mkeo akusomee kwanza kanga yake."

Bi. Fisi alipenda sana kuonekana msomi. Akanyoosha pindo: "M-ke... wa m-tu... su-mu."

Fisi akaruka nyuma. "Sumu! Sumu ya kufa mtu?"

"Kanga imepigwa chapa, bwana. Itadanganya?"

"Na wewe chura, ni mke wa mtu?"

"Wa ndoa kabisa! Na mashahidi wawili."

"Ptuu! Kamwage! Kamwage mbali, asitugusie vyombo!"

Bi. Fisi akabeba mtungi mbiombio hadi bwawani, akaupindua. Chubwi! Manyunyu akazama, akaibukia katikati ya matete.

"Ahsante, shoga! Kamwambie bwana wako, Manyunyu anamsalimu. Koo langu litarudi masika. Mimi sirudi!"

Basi wajukuu, amjuaye mwenzake kwa koo la masika, kiangazi humpotea mikononi.